Baiskeli ya Bei Rahisi ya Supamaketi: Namna ya Kuichagua, Kuifunga Upya na Kuifanyia Mazoezi

Baiskeli zinazouzwa kwenye maduka makubwa, zikiwa zimepangwa kati ya masufuria na viti vya plastiki, zina jina baya kwa mafundi. Mwaka 2022 mafundi wa baiskeli nchini Marekani walisaini ombi la pamoja wakitaka kampuni ziache kutengeneza baiskeli za kufa mapema. Walidai baiskeli idumu angalau saa 500 za kuendeshwa kabla ya kuharibika. Niliposoma dai hilo nilichukua kikokotoo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika 150 ni saa mbili na nusu, kwa hiyo saa 500 ni wiki 200, karibu miaka minne. Hata baiskeli ikifa ikiwa na robo ya saa hizo, utakuwa umefanya mazoezi kwa mwaka mzima kasoro wiki chache.

Kwa hiyo mtu anayetaka tu kutoka jasho mara mbili tatu kwa wiki hakosei akinunua baiskeli rahisi. Anakosea akichagua ile inayong'aa kuliko zote, kisha akaipanda pale pale mlangoni mwa duka. Mwongozo huu unahusu makosa hayo mawili. Mengine yote ni madogo.

Hatua ya 1: Jiambie ukweli kuhusu safari zako

Lami au udongo mgumu, tambarare au vilima vya kawaida, nusu saa hadi saa moja kila unapotoka: hapo ndipo mahali pa baiskeli hizi. Njia za mawe na mizizi hazifai, hata kama fremu imechorwa milima na radi. Fungua kijitabu chake. Nyingi zenye sura ya kimilima zina onyo kwamba hazikuundwa kwa kuruka wala kwa njia ngumu. Aliyeiunda amekwambia ukweli kwa herufi ndogo, na aliyeichora amekwambia lingine kwa herufi kubwa.

Kama unataka ya kwenda nayo kazini kila siku, kilomita nyingi, jua na mvua, au ya kubebea mzigo, ongeza bajeti au subiri. Angalia pia uzito wa juu unaoruhusiwa, ambao huhesabu mwili wako pamoja na begi lako. Ukiwa karibu na kikomo hicho, gurudumu la nyuma ndilo litakaloumia kwanza, maana ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito wako. Chagua tairi nene na fremu ya chuma.

Niseme na hili kabla hatujaingia dukani. Kwa pesa ile ile, baiskeli iliyotumika ya kampuni nzuri mara nyingi huishinda mpya ya supamaketi. Lakini hiyo ni kwa mtu anayejua kukagua, au mwenye rafiki anayejua. Asiyejua anaweza kununua fremu yenye ufa uliofichwa na rangi. Ukiwa hujui, mpya iliyo rahisi ni salama zaidi, mradi uifuate kazi iliyoelezwa hapa chini.

Hatua ya 2: Chagua yenye vitu vichache

Fikiria bei ya baiskeli kama chapati moja. Kila kifaa kinachoongezwa kinakata kipande chake. Ukiziona mbili za bei sawa, moja ikiwa na shokapu mbele na nyuma, breki za diski na gia 21, na nyingine ikiwa fremu kavu, breki za kawaida na gia chache, usidhani ya kwanza umeongezewa bure. Vipande vyake vimemegwa kutoka kwenye gololi, rimu, breki na cheni, yaani kutoka kwenye vitu vinavyokubeba.

Anza na shokapu. Ya nyuma, kimbia. Kwenye baiskeli ya bei hii ni springi nzito inayobonyea kila unapokanyaga, ukikanyaga nayo inakula nguvu zako, na maungio yake hulegea mapema. Ya mbele ina nafuu kidogo, lakini bado ni kilo za ziada kwenye baiskeli ambayo tayari ina uzito wa kilo 15 hadi 18. Foku ngumu ya chuma, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, haina cha kuharibika. Kwenye lami, tairi nene lenye upepo wa kadiri hukufanyia kazi ya shokapu bure.

Breki nazo huwadanganya wengi. Diski inaonekana ya kisasa, na ile nzuri kweli ni nzuri. Diski ya bei ya chini huvutwa kwa waya, mara nyingi husukuma upande mmoja tu, hupiga kelele, na kuirekebisha kunahitaji mkono uliozoea. Breki ya rimu, ile yenye mikono miwili mirefu inayobana rimu pande zote, hushika vizuri zaidi kwa pesa hiyo, na mtu asiye fundi anaweza kuielewa kwa kuitazama.

Lakini breki ya rimu ni nzuri sawasawa na rimu yenyewe. Nenda dukani na sumaku ndogo, hata ile ya kubandika kwenye friji. Iguse kwenye rimu. Ikinasa, rimu ni ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa breki huteleza kana kwamba umeipaka mafuta. Isiponasa, ni aluminiamu. Mimi hili silijadili: rimu ikinasa sumaku, naiacha baiskeli hapo hapo. Fremu ikinasa haina shida, ni nzito tu.

Gia 21 ni namba ya kwenye kibandiko. Ni sproketi, vile visahani vya meno, 3 za mbele mara 7 za nyuma, na nyingi zinarudiana. Kwa mazoezi ya tambarare utatumia tatu au nne. Chukua mfano wa gurudumu la inchi 26, meno 38 mbele na 18 nyuma. Ukizungusha pedeli mara 70 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 18 kwa saa, na hiyo ni kasi nzuri kabisa ya mazoezi. Sproketi moja ya mbele na sita au saba za nyuma zinatosha na kubaki. Mahali pasipo na mlima hata gia moja inatosha, na baiskeli ya gia moja ndiyo ngumu kuliko zote kuharibika.

Tairi zenye vinundu vikubwa huvuma kwenye lami na kukurudisha nyuma. Tafuta zenye mgongo laini. Ubavuni mwa tairi kuna namba kama 50-559. Hizo ndizo namba za kuandika unapohitaji tairi au tyubu nyingine, maana inchi huchanganya watu: 559 ndiyo inayoitwa inchi 26, 584 ni 27.5, na 622 huitwa 29 au 700C kutegemea nani anauza. Ukubwa huu wote hupatikana kirahisi. Ukubwa wa ajabu usiouona kwenye baiskeli nyingine utakusumbua siku ya pancha.

Hatua ya 3: Saizi kabla ya rangi

Simama ukiwa umeipita fremu katikati ya miguu, nyayo zote chini, na viatu utakavyovaa. Kati ya bomba la juu na msamba wako pawe na nafasi ya angalau sentimita 3 hadi 5. Kisha kaa, shika usukani. Viwiko vipinde kidogo. Kama umenyooka kama mtu anayesukuma ukuta, fremu ni ndefu kwako, na kama magoti yanakaribia usukani, ni fupi.

Maduka haya mara nyingi huleta saizi moja ya kila aina. Ikiwa si yako, ondoka. Siti hupanda na kushuka, lakini fremu hairefuki. Mtu mfupi hapungukiwi kitu akinunua fremu yenye bomba la juu lililoinama, ile wanayoiita ya kike. Ni rahisi kupanda, ni rahisi kushuka, na barabara haiulizi jinsia.

Hatua ya 4: Ikague palepale

Aliyeifunga baiskeli unayoitazama huenda jana alikuwa anapanga rafu za sabuni. Simlaumu, amepewa maboksi kumi na spana moja. Ila usiamini kwamba kuna mtu aliyehakikisha chochote.

Tazama foku kwanza, kwa sababu kosa lake ni la hatari na huonekana kwa macho. Miguu yake iliyopinda ipinde kuelekea mbele, mbali na wewe. Kama ni ya diski, diski ya mbele na kibanio chake zikae upande wako wa kushoto ukiwa umepanda. Zikiwa kulia, foku imegeuzwa nyuma mbele. Nimeiona hii dukani zaidi ya mara moja, na moja ilikuwa imeshanunuliwa, mwenyewe anaisukuma kuelekea mlangoni. Nilimwita. Alidhani namtania.

Kisha inyanyue mbele, zungusha gurudumu. Liangalie linapopita kati ya raba za breki. Likiyumba kidogo ni kawaida na hurekebishika, lakini likigusa upande mmoja kisha mwingine, weka chini uchukue nyingine. Shika gurudumu juu, lisukume kulia na kushoto. Likicheza kwenye habu, ile sehemu ya katikati yake, kama jino bovu, gololi zimefungwa legelege. Lizungushe taratibu tena ukiwa umeshika fremu. Ukisikia mkwaruzo mkononi, zimekazwa kupita kiasi na zinajisaga. Fanya hivyo nyuma pia. Shika krenki, ule mkono unaobeba pedeli, isukume ndani na nje. Isicheze kabisa.

Kama kuna tatu zinazofanana, zikague zote tatu. Zitatofautiana. Bei ni moja, kwa hiyo chukua iliyo bora.

Kibandiko kinachotaja ISO 4210 ni jambo jema. Ni kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, na maana yake ni kwamba muundo ulipimwa. Hakisemi chochote kuhusu yule kijana aliyekaza nati. Ukiruhusiwa kuchagua kati ya iliyofungwa tayari na iliyo kwenye boksi, na una subira, chukua boksi. Ni rahisi zaidi kufunga vizuri kitu ambacho hakijaharibiwa.

Hatua ya 5: Ifunge upya nyumbani

Vyaelea vimeundwa, na hii haijamaliza kuundwa. Tenga saa mbili au tatu. Kama hujawahi kushika spana maishani, mpelekee fundi wa baiskeli na umwambie maneno haya: "Ni mpya, naomba ukaze kila kitu na uangalie gololi." Atakuelewa mara moja, pengine atacheka. Malipo yake yahesabu kama sehemu ya bei ya baiskeli.

Ukifanya mwenyewe utahitaji alenki (funguo za pembe sita) za milimita 4, 5 na 6, spana ya 15, bisibisi ya nyota, grisi kidogo, mafuta ya cheni na pampu. Nati za krenki hutaka bokisi (spana ya kufunika nati), mara nyingi ya 14, isipokuwa kama ni bolti ya alenki, ambayo mara nyingi ni ya 8.

Anza na pedeli, kwa sababu ndizo zinazoharibu baiskeli nyingi siku ya kwanza. Moja ina herufi R, nyingine L. R ni ya kulia na hukazwa kufuata mzunguko wa mishale ya saa. L ni ya kushoto, na uzi wake umekwenda kinyume, kwa hiyo hukazwa kinyume cha saa. Paka grisi kwenye uzi, anza kwa vidole, na iingie mizunguko kadhaa bila kulazimisha kabla hujagusa spana. Ukiilazimisha kwa spana tangu mwanzo, chuma kigumu cha pedeli kitakata uzi wa krenki ambayo ni laini kuliko chenyewe. Hapo utanunua krenki.

Halafu krenki zenyewe. Nati inayoshika kila mkono wa krenki kwenye ekseli inahitaji nguvu kuliko unavyodhani, kiasi cha nyutoni mita 35 hadi 40. Kwa mtu asiye na kipimo, ni mkono mmoja wenye nguvu kwenye spana ya urefu wa kiwiko hadi kiganja. Baiskeli yangu ya kwanza ya aina hii ilianza kulia "tik" kila nilipokanyaga kushoto. Nikasema itazoea. Baada ya wiki moja mkono wa krenki ulining'inia kwenye kiatu changu katikati ya barabara. Lile tundu la mraba lilikuwa limeshakuwa la duara, na hakuna kukaza kungelirudisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe ulikuwa robo mzunguko wa spana. Baadhi ya baiskeli rahisi zina krenki ya kipande kimoja kilichopindwa, isiyo na nati hizo. Ni nzito, lakini tatizo hili haina.

Sasa usukani. Simama mbele, bana gurudumu la mbele kwa magoti, jaribu kugeuza usukani kwa nguvu za kawaida. Ukigeuka wenyewe gurudumu likabaki, kaza bolti ya shina, kile kipande kinachounganisha usukani na foku. Kwenye shina la zamani linaloingia ndani ya fremu, bolti hiyo iko juu kabisa. Jaribu pia kuuzungusha usukani chini na juu, kama mtu anayenyonga pikipiki. Kisha bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kugonga pale foku inapoingia kwenye fremu, maungio hayo yamelegea na yakazwe mpaka kugonga kuishe, ila usukani uendelee kugeuka kwa uhuru.

Magurudumu: legeza nati za ekseli, hakikisha ekseli imekaa mpaka mwisho wa mdomo wa foku pande zote mbili, kaza kulia na kushoto kwa kupokezana. Kama ni ya mkono wa kukunja, ufungwe ukiacha alama kwenye kiganja, si kwa kuuzungusha kama koki ya maji. Minya spoki mbilimbili kwa mkono ukizunguka gurudumu zima. Utasikia vijisauti vya spoki zikikaa mahali pake. Yenye ulegevu wa wazi ikaze nusu mzunguko. Kunyoosha gurudumu zaidi ya hapo ni ufundi, mwachie fundi.

Breki zinahitaji uvumilivu. Raba ikae katikati ya ukuta wa rimu, umbali wa milimita 1 hadi 2 kila upande. Ikigusa tairi juu, itakata ubavu na tairi litapasuka bila taarifa. Ikining'inia chini ya rimu, siku moja itazama kwenye spoki. Vuta mkono wa breki kwa nguvu zako zote mara kumi. Waya utajivuta kidogo, na ni heri ujivute hapa kuliko kwenye mteremko. Kaza tena. Ukibana kabisa, mkono usifike kwenye usukani, na pabaki nafasi ya vidole viwili. Hapa hakuna kusema inatosha. Breki zikikushinda, usipande.

Gia utazirekebisha ukiwa umeinyanyua nyuma. Mkono wa gia wa nyuma, ule unaosogeza cheni kati ya sproketi, una skrubu mbili ndogo zenye alama H na L. H huzuia cheni isipite sproketi ndogo na kuanguka nje. L huzuia isipite ile kubwa na kuingia kwenye spoki, ajali inayoweza kung'oa mkono wa gia na kuvunja spoki kwa mkupuo mmoja. Weka cheni kwenye sproketi kubwa, sukuma mkono wa gia kuelekea spoki kwa kidole huku ukizungusha pedeli. Cheni ikijaribu kuvuka, zungusha L kufuata saa robo robo mpaka ikome. Kama gia zinarukaruka tu bila kuanguka, tatizo ni mvuto wa waya. Zungusha kile kipete cha mwisho wa waya nusu mzunguko, jaribu, rudia.

Upepo wa tairi: soma ubavuni, kuna kiwango cha chini na cha juu. Mwepesi akae karibu na chini, mzito akae juu. Tairi lenye upepo mdogo hutafuna nguvu na kukupa pancha za kubanwa kwenye rimu.

Hatua ya 6: Siti, na kwa nini magoti yanauma

Wengi hushusha siti ili miguu yote miwili ifike chini wakiwa wamekaa. Inaleta usalama wa moyoni na maumivu ya magoti. Egemea ukuta ukiwa umekaa, weka kisigino juu ya pedeli, rudisha pedeli nyuma mpaka ifike chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kushuka upande. Hapo ndipo urefu wako. Ukikanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litapinda kidogo tu likiwa chini. Ndiyo, ukisimama kwenye taa itabidi ushuke kwenye siti. Ndivyo inavyotakiwa.

Bomba la siti lina mstari wa kikomo, nao usionekane nje. Ukionekana, fremu ni ndogo kwako, na bomba linaweza kuvunjika au kupasua fremu.

Siti pana yenye sponji nyingi hupendeza kwa dakika kumi. Baadaye sponji hubonyea na kukubana pasipotakiwa. Ganzi ikianza, inamisha pua ya siti chini kidogo sana, na ikiendelea, siti ndiyo kitu cha kwanza kinachostahili kubadilishwa. Siti inaumiza wiki mbili za kwanza kwa karibu kila mtu anayeanza, kwa hiyo subiri zipite kabla hujailaumu.

Hatua ya 7: Kilomita 100 za mwanzo

Safari ya kwanza iwe fupi, karibu na nyumbani, na uwe na alenki mfukoni. Jaribu breki moja moja ukiwa mwendo wa kutembea. Sikiliza. Baiskeli iliyofungwa vizuri hulia cheni na upepo tu.

Baada ya kilomita 20 hivi, rudia krenki, pedeli, nati za magurudumu na shina la usukani. Ukifika 100, rudia tena, ongeza spoki na waya za breki na gia. Kuanzia hapo vitu vimekaa, na ukaguzi wa dakika tano kwa mwezi unatosha. Cheni ipake mafuta tone moja kwa kila kiungo, izungushe, kisha ifute kwa kitambaa mpaka ionekane kavu. Mafuta yanayobaki nje hukusanya vumbi na kuwa msasa.

Hatua ya 8: Sasa fanya mazoezi

Dakika 20, mara tatu kwa wiki, kwa majuma mawili. Ongeza dakika tano tano. Kipimo cha kasi ni mdomo wako: uweze kuongea sentensi nzima lakini ushindwe kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuongea, punguza. Mwenye maradhi ya moyo au aliyekaa muda mrefu bila kujishughulisha amwone daktari kwanza.

Anayeanza hupenda gia nzito kwa sababu anahisi anafanya kazi. Magoti yake ndiyo yanayofanya kazi. Chagua gia nyepesi, zungusha haraka, kati ya mara 60 na 80 kwa dakika. Hesabu mguu wa kulia kwa sekunde 15 kisha zidisha kwa nne. Mzunguko mwepesi hufundisha moyo na mapafu, na kwa baiskeli rahisi una faida ya pili: cheni, krenki na gololi hazivutwi kwa nguvu nyingi, kwa hiyo hudumu. Badilisha gia ukiwa bado unazungusha, kabla ya kilima, maana ukibadilisha katikati ya kukanyaga kwa nguvu cheni huruka.

Helmeti inunuliwe siku ile ile na baiskeli. Ikae mlalo, vidole viwili juu ya nyusi, kamba ikibana kiasi cha kuingiza kidole kimoja tu chini ya kidevu. Vioo vile vya kuakisi vilivyokuja nayo si taa. Ukitoka alfajiri au jioni, weka nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Baiskeli ikae ndani au chini ya paa. Mvua huiua baiskeli rahisi haraka kuliko kilomita.

Pesa za kuongeza, na mahali pa kuacha

Raba bora za breki hubadilisha baiskeli hii kuliko kitu kingine chochote cha gharama ndogo. Tairi lenye mgongo laini linafuata, kisha siti. Zaidi ya hapo usiende. Kuweka foku mpya au magurudumu mapya kwenye fremu hii ni kuvalisha suti gunia, na pesa hizo ziwekee baiskeli itakayofuata.

Huenda ikafuata upesi kuliko unavyodhani, kwa sababu aliyeendesha mwaka mzima hujua sasa anataka nini. Siku fundi atakapokutajia gharama inayokaribia bei ya baiskeli yenyewe, usibishane naye. Vua taa, siti na pampu. Pedeli nazo vua kama krenki ni ya vipande vitatu, maana uzi wake wa inchi 9/16 utaingia kwenye karibu baiskeli yoyote ya mtu mzima. Zile za krenki ya kipande kimoja ni nusu inchi, hizo ziache. Ukifika kwenye ya kushoto ikagoma, usiongeze nguvu kabla hujakumbuka uzi wake: hiyo hufunguka kwa kufuata mishale ya saa.